Roho Sitini Katika Daftari la Bima

Kitendawili cha kwetu kina adabu yake. Mwenye kutega hutega, hadhira hujaribu kutegua, na ikishindwa huambiwa itoe mji. Hapo yule aliyetega huusafiri mji ule kwa maneno, akala na kunywa humo, akawakejeli wenyeji, kisha ndipo akarudi na jawabu. Kutojua, basi, kuna bei, na bei hiyo hulipwa mbele ya watu. Yafaa msomaji aliweke jambo hili moyoni kabla ya kuingia katika habari ya mchezo wa kompyuta uitwao Return of the Obra Dinn, kwani magomvi waliyonayo wachezaji juu yake, ukiyachungua sana, ni yale yale ya barazani: ipi haki ya mwenye kutega, ipi haki ya mwenye kutegua, na je, jawabu lililobahatishwa ni jawabu?

Huenda baadhi ya wapenzi wa ushairi wakaona ajabu kurasa hizi kushughulishwa na mchezo wa kompyuta. Waone ajabu, lakini wasome. Humu hamna mbio wala mashindano ya kufyatua bunduki. Kuna hadithi ya bahari iliyofungwa ndani ya fumbo, na aliyeifunga ni Lucas Pope, Mmarekani aishiye Japani, aliyejipatia jina mwaka 2013 kwa mchezo wa Papers, Please, unaomweka mchezaji katika kiti cha karani wa mpakani mwenye kugonga mihuri. Merikebu yake hii aliiunda karibu peke yake, programu, picha, muziki na hadithi, kwa muda uliozidi miaka minne. Ilitoka kwa ajili ya kompyuta Oktoba 2018, ikafuata kwa vyombo vingine vya kuchezea Oktoba 2019, na katika mwaka huo huo wa 2019 ikatwaa tuzo kuu ya tamasha la michezo huru, Independent Games Festival.

Hadithi yaanza hivi. Mwaka 1802 merikebu ya biashara Obra Dinn yang'oa nanga London kuelekea Mashariki, imepakia shehena ya zaidi ya tani 200. Yangojewa Rasi ya Tumaini Jema, haifiki, na yahesabiwa kuwa imepotea. Kisha asubuhi moja ya Oktoba 1807 yaonekana ikielea katika bandari ya Falmouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, matanga yameharibika, sitahani hapana mtu. Kampuni ya India ya Mashariki yampeleka mkaguzi wake wa bima akaandike yaliyotokea, na mkaguzi huyo ndiye mchezaji. Mkononi ana vitu viwili: daftari lenye orodha ya watu 60 pamoja na michoro ya sura zao, na saa ya mfukoni yenye alama ya fuvu.

Aifunguapo saa ile mbele ya maiti, hata kama iliyobaki ni mifupa mitupu, kwanza huja giza, na ndani ya giza sauti: maneno ya mwisho, vishindo vya miguu, mlio wa bastola. Kisha giza hupasuka, naye hujikuta amesimama katika ile nukta ya kufa, kila kitu kimeganda, moshi haupandi, damu haidondoki, mdomo uliofunguka haufungi. Aweza kuzunguka, aweza kuchungulia nani yu nyuma ya mlango na nani ameshika kamba gani, bali hawezi kugusa wala kuzuia. Kazi yake ni kuandika matatu: huyu ni nani, amekufaje, na ikiwa ameuawa, muuaji ni nani. Daftari halimwambii amekosea wapi. Apatapo kwa usahihi habari za watu watatu, majibu hayo hupigwa chapa na hayafutiki tena. Asipopata, daftari hunyamaza.

Wengi wa waliocheza wamemiminia mchezo huu sifa, na katika sifa zao lipo neno moja lirudiwalo kuliko yote, kwamba haukuwadharau. Michezo mingi ya mafumbo humshika mchezaji mkono kama mtoto avushwaye barabara; hapa ameachwa na macho yake na masikio yake. Mfano mmoja watosha. Nahodha Robert Witterel amejifungia chumbani mwake, na nje wapo mabaharia wake wanaotaka kuuvunja mlango. Watokea ugomvi, nao wauawa. Kisha nahodha aketi penye maiti ya mkewe, Abigail, na kabla ya kujipiga risasi amweleza marehemu kwamba amemwua nduguye. Basi. Hakuna aliyetaja jina. Lakini orodhani mke ameandikwa Abigail Hoscut Witterel, na msaidizi mkuu wa nahodha ni William Hoscut. Mchezaji aliyeisoma orodha kwa makini hushtuka: nahodha amemwua shemeji yake. Neno hilo shemeji, ambalo Kiingereza hulisema kwa lugha ya sheria, kwetu limebeba utani, heshima na haki ya kula mezani bila ya kukaribishwa, na msomaji wa Kiswahili hulihisi pigo la mandhari yale pengine kwa uzito ambao mtunzi mwenyewe hakuupanga. Ukweli huo wote umepatikana kwa kusikia sentensi moja na kutazama jina la katikati. Mashairi mazuri ya mafumbo hufanya vivyo hivyo: neno moja lililowekwa pahala pake hulifungua kufuli la ubeti mzima.

Ziko njia nyingine. Nambari zilizoandikwa kwenye machela za kulalia mabaharia zalingana na nambari za orodha. Viatu humtofautisha huyu na yule. Katika michoro ya maisha ya chomboni, aliyekaa pembeni mwa nani, na aliyevaa kofia gani, ni habari. Hata ukimya ni habari, kwani sura katika daftari hubaki na ukungu mpaka mchezaji awe ameona vya kutosha kumtambua mtu huyo, na ukungu ukiondoka hujua kwamba sasa hana udhuru.

Tuje kwenye kubahatisha. Madhali daftari huthibitisha watatu kwa pamoja, mwenye hakika na wawili aweza kumjaribia wa tatu jina baada ya jina mpaka chapa igongwe. Wapo wachezaji waliolishutumu jambo hili vikali, wakasema kwamba fumbo lenye mlango wa nyuma si fumbo. Wapo waliolitetea, wakasema kwamba bila ya mlango huo wangalikwama na kuuacha mchezo njiani. Wa kwanza wana hoja, lakini wamelitazama kosa mahali pasipo. Udhaifu wa kubahatisha humu ni kwamba hakuna mji wa kutoa. Anayeshindwa barazani huaibika kidogo, hucheka, na hupata simulizi ya safari kabla ya jawabu. Anayebahatisha katika Obra Dinn hapati kitu ila chapa, na chapa hiyo haimwelezi kwa nini amepatia. Amepata jina na kuikosa njia. Wengi waliofika mwisho kwa mtindo huo wameungama kuwa kuna watu kumi na zaidi ambao mpaka leo hawajui waliwatambuaje. Hasara hiyo ni yao, na mtunzi alikuwa na uwezo wa kuwapunguzia kwa kuwaonesha, baada ya kupatia, ushahidi ulikuwa wapi. Hakufanya hivyo. Aliuamini ukali wa fumbo lake kuliko udadisi wa msomaji wake.

Yapo na malalamiko madogo, ambayo yapasa kutajwa na kupitwa. Picha zote ni za nukta za rangi mbili tu, mfano wa kompyuta za Macintosh za zamani, na wapo walioumwa macho, ijapokuwa Pope alihangaika sana kuzituliza nukta hizo zisichezecheze. Mara ya kwanza ya kuingia katika kumbukumbu mchezaji hulazimishwa kungoja, na akitaka kuirudia yampasa atembee mpaka ilipo maiti. La kungoja lina faida yake, maana humzuia mwenye pupa. La kutembea ni uchovu mtupu.

Lawama nzito ni nyingine. Husemwa kuwa watu wa merikebu hii hatuwajui. Twawaona wakifa, hatuwaoni wakiishi. Kila mmoja ni pozi, jina na sababu ya kifo, na mchezaji akishamaliza kumwandika humfunga kama karani afungavyo jalada. Basi ipo wapi huzuni? Hadithi gani hii ya roho sitini isiyomtoa mtu chozi?

Lawama hii yastahili kujibiwa kwa utulivu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ni kweli kwamba hapana hata mmoja anayesimuliwa tangu utoto wake. Lakini mtunzi hakujidai kuandika masimulizi ya maisha. Aliandika daftari la bima, na ukatili wa daftari ndiyo maudhui yake. Mwishoni Kampuni hutoa hesabu: warithi wa mtu huyu walipwe kiasi hiki, warithi wa yule watozwe faini kwa makosa ya marehemu wao. Mchezaji aliyekuwa akijiona mwamuzi wa haki hugundua kwamba saa zote zile alikuwa akimtumikia mhasibu. Wachezaji kadhaa wameeleza kuwa kurasa zile za mwisho ziliwapoza, wakaona mchezo umemalizika kinyonge baada ya makuu yote. Hapana shaka zilikusudiwa kupoza.

Mtazame Hok-Seng Lau. Katika merikebu hiyo wamo abiria wa Formosa, kisiwa ambacho leo chaitwa Taiwan, watu wa heshima wenye sanduku la thamani, na Lau ni mlinzi wao. Usiku mmoja abiria Mwitaliano, Nunzio Pasqua, achomwa kisu. Aliyemchoma ni Edward Nichols, mmoja wa maofisa wa chombo chenyewe, mwenye njama ya kuiba sanduku. Naye ndiye anayemnyooshea Lau kidole. Mgeni asiye na mtetezi ahukumiwa, afungwa, apigwa risasi mbele ya mabaharia wote. Mchezaji aujua ukweli, kwa kuwa alisimama chumbani katika nukta ile ya kisu. Afungua daftari aandike. Jina la Lau lipo. Kufa kwake kwa risasi kuna pahala pa kuandikwa. Kudhulumiwa kwake hakuna pahala. Kile alicho nacho mchezaji kifuani, na kile ambacho karatasi yaweza kukipokea, havilingani, na katika pengo hilo ndimo huzuni ilimo. Wale waliosema kuwa hawakuhisi kitu pengine walikuwa wanakimbilia chapa inayofuata.

Walakini utetezi huo haumfai mtunzi kila pahala. Mwanzoni mwa safari wafa mabaharia wawili wa Kihindi kwa ugonjwa wa kifua, Soloman Syed na Renfred Rajub, jina la pili likiwa la namna ambayo mtu wa Unguja au Mombasa aliyekulia jirani na Wahindi atalisoma mara mbili. Mabaharia wa Kihindi walikuwa nguvu kubwa katika merikebu za Kampuni. Waliandikwa kwa makundi chini ya mkubwa wao, serang, ambaye mabaharia wa mwambao walimwita serahangi, kama vile nahodha wetu na nakhoda wao walivyotoka katika Kiajemi kimoja. Katika Obra Dinn watu hawa wametiwa, na kutiwa kwao ni jambo la kushukuriwa, kwani hadithi nyingi za bahari za Kizungu huwasahau kabisa. Lakini wametiwa ili wawe fumbo. Kumtambua Mhindi, Mchina mpanda milingoti au mtu wa Papua, mchezaji huongozwa kwanza na sura, rangi na chale za mwilini. Kumtambua Mwingereza huongozwa na kazi yake, cheo chake, maneno yake. Wapo wachezaji walioliona hili na kulisema wazi, na haifai kuwajibu kwamba ndivyo ilivyokuwa mwaka 1802. Daftari ni la mwaka 1802. Mchezo ni wa mwaka 2018, na aliyechagua nani atambulikane kwa usemi na nani kwa ngozi aliishi miaka hii yetu.

Kuna na jambo la masikio, ambalo wachezaji wa Ulaya na Marekani hawana sababu ya kulitaja. Sauti katika giza ni ushahidi. Lafudhi ya mtu wa Ireland, ya mtu wa Wales, ya mtu wa Scotland, kila moja humweka mwenye nayo katika mstari wake wa orodha. Maandishi ya mchezo yametafsiriwa kwa lugha kadhaa, na Kiswahili hakimo. Lakini hata kingalikuwamo, lafudhi haitafsiriki. Anayecheza Malindi au Chake Chake husikia Kizungu, basi, naye hujikuta anabahatisha pale ambapo mwenzake wa London anafikiri. Mtafsiri angaliweza kufanya nini? Kumpa Muayalandi lahaja ya Kitumbatu na Mskoti ya Kimakunduchi kungaliwachekesha wasomaji na kuwaua watu wale mara ya pili. Fumbo lililojengwa juu ya sauti huwa na mipaka kama ilivyo mizani na vina: huenda likavushwa bahari, lakini hutua likiwa fumbo jingine. Kwa upande wa pili, mwana wa mwambao ana akiba ambayo wengine hawana. Aliyekulia penye vyombo hahitaji kuelezwa kwa nini mtu fulani yuko juu ya foromali wakati wa dhoruba na mwingine amebaki penye usukani, wala kwamba wa omo na wa tezi hawali sufuria moja. Vyeo vya chombo huvisoma kwa mwili. Yeye naye ana njia zake za kupatia.

Juu ya nguva na pweza maoni yamegawanyika. Nusu ya pili ya mkasa ni ya viumbe wa bahari: nguva walionaswa na kufungiwa, majitu yapandayo kaa, pweza wa kutisha aikumbatiaye merikebu mpaka milingoti ivunjike. Waliopenda uchunguzi wa hiana na visu wanaona kuwa hapo hadithi imejitupa baharini. Msomaji wa mwambao hana haja ya kutahayari kwa nguva. Ni wa nyumbani. Kasoro ni ya namna nyingine. Pweza auapo, swali la "nani muuaji" hulegea, na maiti zinazofuatana katika sura ile hubaki kuwa hesabu ya nani amevutwa, nani amepasuliwa, nani ameangukiwa. Abigail mwenyewe afa hapo, kwa kuangukiwa na sehemu za mlingoti. Hiana ya Nichols ilihitaji akili kuitegua. Unyama wa pweza wahitaji macho tu. Hata hivyo ni nguva wale wale wanaoipatia hadithi swali lake la ndani zaidi, la bei ya kuwateka wenye bahari yao na ya kupatana nao, na sura ya mapatano hayo imefichwa, haioneshwi mpaka mkaguzi amalize kazi yake. Atakayeifikia atajua kwa nini tabibu wa merikebu alimwua kima wake na kuhifadhi mkono wake. Haifai kusema zaidi.

Waliomaliza husikitika kwa namna moja: hauchezeki tena. Ukishajua, umejua. Wapo wanaotamani waisahau Obra Dinn ili waianze upya. Ni sifa, lakini ni lawama pia, na ndipo mchezo huu unapozidiwa na utungo mzuri, ambao mtu huujua kwa moyo tangu utotoni na bado akauomba usomwe. Fumbo la Pope likiteguliwa huisha. Kinachobaki ni yale mandhari, na yale mandhari ni mazuri kiasi cha kurudiwa kama mtu arudiavyo picha ukutani, ijapokuwa mtunzi hakumwachia sababu ya kurudi.

Katika watu 60, wapo wachache waliookoka. Tabibu Henry Evans, wanawake wawili abiria na mhudumu mmoja waliiacha merikebu kwa mashua, na mchezaji yampasa aandike wako wapi. Daftari lampa orodha ya pahala pa kuchagua. Jawabu lililo sahihi, lile linalopigwa chapa, ni neno moja: Afrika. Daftari hilo hilo ladai nambari ya machela, jina la aliyeshika kisu na aina ya silaha. Barua ya tabibu yataja Morocco. Lakini kwa daftari yatosha kuwa wameshuka Afrika, wako hai, na chapa yagongwa.